Je, wajua kwa nini mifano bilioni haimtoshi mwanahisabati?

Chukua karatasi uchore duara kubwa. Weka nukta mbili kwenye mzingo wake, uziunganishe kwa mstari mnyoofu: duara limegawanyika vipande 2. Ongeza nukta ya tatu, unganisha kila nukta na kila mwenzake, vipande vinakuwa 4. Nukta nne, vipande 8. Nukta tano, vipande 16. Hapo kila mtu ameshaona mchezo unavyokwenda, na ukimuuliza nukta sita zitatoa vingapi atakujibu 32 bila hata kushika kalamu.

Chora. Utapata 31. Utadhani umeruka kimoja, utahesabu upya (mimi nilihesabu mara tatu, ya mwisho kwa kutia rangi), na bado ni 31. Sharti moja tu: usiache mistari mitatu ipite penye nukta moja ndani ya duara, maana hapo vipande hupungua zaidi.

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba kuna mtu analipwa kufanya utafiti wa hisabati. Kujumlisha tunajua, kompyuta zipo, sasa huyo anatafuta nini tena? Anatafuta sababu. Ukitaka kujua 31 imetoka wapi, acha kuhesabu vipande, tazama vinavyozaliwa. Duara tupu ni kipande 1. Kila mstari mpya hukata kipande kimoja kuwa viwili, na kila unapovuka mstari uliotangulia huingia kipande kingine na kukikata nacho. Basi jumla ya vipande ni 1, ongeza idadi ya mistari, ongeza idadi ya njiapanda zilizo ndani. Nukta sita zina mistari 15. Njiapanda je? Nukta nne zozote utakazochagua hutoa njiapanda moja tu, na kuna njia 15 za kuchagua nne kati ya sita. 1 na 15 na 15 ni 31. Sasa huhitaji tena kuchora: nukta saba ni 1 na 21 na 35, yaani 57. Hoja fupi kama hiyo, isiyoacha mwanya, ndiyo inayoitwa uthibitisho, na ndiyo bidhaa ya kiwanda chote hiki.

Utasema mfano wa duara ni rahisi, ulivunjika mapema. Sawa. Mwaka 1919 mwanahisabati George Pólya alitoa dhana, yaani dai ambalo bado halijathibitishwa, kuhusu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kila namba nzima huvunjika kuwa namba tasa zinazozidishana: 12 ni 2×2×3, tatu, idadi witiri, 10 ni 2×5, mbili, idadi shufwa. Pólya aliona kwamba ukisimama kwenye namba yoyote kuanzia 2 na kutazama zote zilizo nyuma yako pamoja na hiyo uliyosimamia, zile za witiri huwa nusu au zaidi. Jaribu hadi mia, hadi milioni, hadi milioni mia tisa. Inakubali kila mara. Mwaka 1958 Brian Haselgrove alithibitisha kuwa dhana hiyo lazima ivunjike mahali fulani, na mwaka 1980 Minoru Tanaka akaonyesha mahali pa kwanza inapovunjikia: 906,150,257. Ungeishia milioni mia tisa ungeapa kwamba Pólya alisema kweli.

Kwa hiyo siku ya mtafiti ikoje? Kwa ndani, ni siku ya kukwama. Anafundisha, anasimamia wanafunzi wa uzamivu, anapitia makala za wenzake mstari kwa mstari, na saa zilizobaki yuko mbele ya ubao au karatasi akijaribu njia ambayo jana ilionekana inafika. Maryam Mirzakhani, mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2014, alikuwa akitandaza karatasi kubwa sakafuni na kuchora maumbo yaleyale tena na tena. Binti yake mdogo aliamini kazi ya mama ni uchoraji. Nadhani mtoto hakukosea sana.

Tunapenda hadithi za wazo lililoshuka ghafla, nazo zipo. Yitang Zhang alipata shahada ya uzamivu nchini Marekani, akakosa kazi ya chuo kwa miaka, akafanya kazi hata kwenye mkahawa wa vyakula vya haraka, baadaye akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha New Hampshire. Swali lake lilikuwa hili: je, jozi za namba tasa zilizokaribiana, kama 11 na 13, haziishi kamwe? Mwaka 2012, akiwa nyuma ya nyumba ya rafiki yake huko Colorado akisubiri kama kulungu watatokea, njia ikamfungukia. Mwaka uliofuata alithibitisha kuwa jozi zenye pengo lisilozidi milioni 70 hazina mwisho. Mtu wa kawaida atacheka: milioni 70 ndiyo kukaribiana? Lakini kabla yake hapakuwa na kikomo chochote kilichothibitishwa. Wenzake duniani kote waliivamia hoja hiyo, na kufikia 2014 pengo lilishuka hadi 246. Linalotakiwa ni 2. Ninachokipenda katika kisa hiki ni miaka iliyotangulia kulungu, ambayo kwa kawaida husimuliwa kwa sentensi moja, kama nilivyofanya mimi.

Na hata wazo likishafika, kazi haijaisha. Andrew Wiles alijifungia karibu miaka saba na swali ambalo Pierre de Fermat aliliacha karne ya 17, akatangaza jibu huko Cambridge, Juni 1993, magazeti yakaandika. Wakaguzi walipoipitia hoja yake wakakuta mwanya. Ulimtesa zaidi ya mwaka, hadi Septemba 1994 alipouziba akisaidiana na Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mwanya mmoja katika makala ndefu kiasi kile, na bila kuuziba jibu lisingehesabika kuwa jibu.

Kompyuta husaidia, na kwa kiasi kikubwa. Christian Goldbach, katika barua aliyomwandikia mwanahisabati Euler mwaka 1742, alitoa wazo ambalo leo husemwa hivi: kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. 8 ni 3 na 5. 20 ni 7 na 13. Kompyuta zimeshakagua zote hadi 4 ikifuatwa na sifuri 18, na haijaonekana hata moja iliyokataa. Katika vitabu bado inaitwa dhana ya Goldbach.