Kidole gumba kimeshonwa: maswali baada ya kutoka kliniki

Hapa Kisumu gumba linaloumia mara nyingi ni la kushoto. Ndilo linaloshika fungu la sukuma wiki kisu kikija, na ndilo linalobana kichwa cha ngege samaki akiparwa.

Nyuzi zitatolewa lini?

Kwa kidole, siku 8 hadi 10. Jeraha likikaa juu ya kiungo, siku 10 hadi 14, kwa sababu kila ukikunja gumba linavutwa. Usizichomoe nyumbani kwa wembe. Na hata zikitoka, kovu la wiki 3 halijafika nusu ya nguvu ya ngozi nzima, kwa hiyo ndoo nzito na panga vingoje kidogo.

Mimi napara samaki. Siwezi kukaa nyumbani wiki 2.

Najua, siku moja bila kuuza ni siku bila unga. Saa 48 za kwanza jeraha likae kavu kabisa. Baada ya hapo lioshe kila siku kwa maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida, likaushe kwa kuligusa taratibu, kisha funga shashi safi. Spiriti na Dettol kali usimimine ndani, maana huchoma hata nyama changa inayoota.

Kulitumbukiza kwenye karai la samaki au ziwani ni jambo jingine. Maji ya ziwa na ute wa samaki vina bakteria wanaopenda mlango wazi. Mwombe mwenzako akuparie, wewe ukaange na upokee pesa. Ukilazimika kushika samaki, vaa glavu ya mpira juu ya bendeji, na maji yakiingia badilisha bendeji papo hapo.

Sindano ya pepopunda ni lazima?

Inategemea ulichanjwa lini. Jeraha chafu, na chanjo ya mwisho imepita miaka 5, unahitaji nyingine. Jeraha dogo safi, miaka 10. Akina mama, zile mlizochomwa kliniki mkiwa wajawazito zinahesabika, kwa hiyo bebeni kitabu. Kama hukumbuki chochote, sema hivyo hivyo. Udongo, majivu au kinyesi cha ng'ombe visipakwe kamwe, hata mzee wa nyumba akisisitiza.

Jeraha limefunga vizuri, lakini ncha ya gumba haikunji.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu huja wamechelewa. Ngozi inaweza kufunga huku kano iliyo chini yake, yaani kamba inayovuta kidole, imekatika. Jipime leo: shika sehemu ya chini ya gumba kwa mkono wa pili, kisha jaribu kukunja ncha peke yake, halafu uinyooshe. Gusa pia pande zote mbili za ncha. Ikikataa kusogea, au upande mmoja una ganzi, rudi hospitalini kesho asubuhi, usingoje tarehe ya nyuzi. Kano iliyokatika hujivuta kuelekea mkononi, na kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuiunganisha. Omba barua ya rufaa kwa wenye upasuaji wa mkono, kwa mfano hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu.

Kama kano ni nzima na daktari amekubali, usiliache gumba lilale. Ligusishe ncha ya kila kidole, taratibu, mara kadhaa kwa siku, lisije likakakamaa.

Nitajuaje limeingia vijidudu?

Maumivu yanazidi badala ya kupungua, wekundu unaenea, joto, usaha, homa. Mwenye kisukari aangalie kila siku. Lakini gumba likivimba lote, likabaki limejikunja, na kulinyoosha kunakutoa machozi, au mstari mwekundu ukipanda mkononi, usimalize usiku nyumbani. Tafuta boda uende saa hiyo hiyo.