Buprestidae: jina la mdudu mwingine

Nimesikia tena mtu akieleza kwamba mbawakawa wa familia ya Buprestidae wana sumu ya kuua ng'ombe, kwa kuwa ndivyo jina lao linavyosema. Jina linasema hivyo kweli. Mdudu ndiye siye.

Buprestidae ni mbawakawa wanaometameta kama madini, spishi zipatazo 15,000, na mabuu wao wengi hukua ndani ya miti wakiibungua. Hilo halina utata. Utata umo kwenye jina.

Katika Kigiriki cha kale, bous ni ng'ombe na pretho ni kuvimbisha. Bouprestis, yaani mvimbisha ng'ombe, alikuwa mdudu wa majanini. Plinius, Mroma wa karne ya 1, anasema anafanana na mbawakawa mwenye miguu mirefu, na kwamba ng'ombe akimmeza pamoja na malisho huvimba mpaka akapasuka. Sasa mtazame mbawakawa wetu: miguu yake mifupi, na utoto wake wote umepita gizani ndani ya mti. Ng'ombe angemmezea wapi? Mdudu wa kale anayeelekea kusemwa ni wa familia nyingine kabisa, Meloidae, wenye kantharidini, sumu inayobabua ngozi ikatoka malengelenge. Hao hata leo huua farasi wanaolishwa majani makavu yaliyofungwa pamoja nao.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya viumbe, alilichukua jina hilo la kale akawapa hawa wanaometameta. Jina la familia nalo likajengwa juu yake, na huhesabiwa kuanzia kwa Leach, mwanazuolojia Mwingereza, 1815. Kanuni za majina ya wanyama hazifuti jina kwa sababu maana yake haimfai mwenye kuitwa, kwa hiyo limebaki.

Bandua gome la gogo bichi lililoanza kufa, utamwona buu mwenyewe: mweupe, hana miguu, mbele amepanuka na kuwa bapa. Wengi huita sehemu ile kichwa, kumbe ni kifua; kichwa ni kidogo na kimezama humo. Nyuma yake njia imeshindiliwa unga wa mbao. Anajua mti tu.

Kwa hiyo ukiulizwa maana ya Buprestidae, jibu "mvimbisha ng'ombe", hujakosea. Ila malizia kwamba aliyeitwa hivyo mwanzoni alikuwa mdudu mwingine.