Beetle yako ikisema "tik" na kunyamaza, usikimbilie kununua stata

Karibu kila mwezi naletewa Volkswagen Beetle moja gereji hapa Mombasa, inasukumwa au inavutwa kwa kamba, na mwenyewe ameshaifungia betri mpya. Wengine wameshanunua na stata, ile mota inayozungusha injini hadi iwake. Gari bado haiwaki, pesa zimekwisha, na mtu ameanza kuamini kwamba gari kuukuu ni la kuwekwa uani lifugie kuku. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichoharibika ni kitu cha kusafishwa kwa msasa.

Mimi ni fundi umeme wa magari, na kwa magari haya ya zamani nina kanuni moja: pima kwanza, pima umeme ukiwa unafanya kazi, kisha ndiyo ushike spana. Betri inayosoma volti 12.6 gari likiwa limelala haijakuambia lolote kuhusu waya. Waya uliooza kwa ndani hupitisha umeme kidogo wa taa ya dashibodi bila shida. Stata inataka amperi mia na zaidi kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo waya huo huumbuka.

Acha nieleze gari la Mwalimu, maana ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Mwalimu amestaafu, na Beetle yake ni ya 1970. Alikuja na stata mpya ndani na ya zamani imefungwa gazeti kwenye buti. Akaniambia, "Mwanangu, betri ya pili hii mwaka huu. Na stata nimebadilisha. Nini tena?" Nikamwomba akae kwenye usukani, nikainua kiti cha nyuma. Kwenye Beetle betri iko pale, chini ya kiti, upande wa kulia. (Kama gari lako halina kifuniko juu ya temino, zile ncha za betri zinazofungwa waya, tafuta leo. Spring za kiti zikibonyea hadi zikaguse temino, ni shoti, na kiti kinawaka moto watu wakiwa wamekalia.)

Nikaweka gia huru, breki ya mkono juu, matofali kwenye magurudumu. Mita yangu nikaiweka kwenye volti, ncha moja kwenye temino hasi ya betri yenyewe, ncha ya pili kwenye gamba la stata. "Mwalimu, piga stata." Stata ikajikongoja, mita ikasoma volti 3.8.

Namba hiyo ndiyo jibu. Kati ya gamba la stata na temino hasi hapatakiwi kuonekana zaidi ya volti 0.2 au 0.3 wakati stata inazunguka. Kinachoonekana pale ni umeme uliopotelea njiani, na volti 3.8 ni karibu theluthi moja ya betri nzima. Stata mpya ilikuwa inalishwa makombo.

Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao napenda kuwaonyesha vijana ninaowafundisha. Nilimwambia Mwalimu apige tena sekunde tano, nami nikalala chini na kushika kebo ya klachi pale inapofika kwenye giaboksi. Ilikuwa ya moto. Kebo ya klachi haina kazi na umeme hata kidogo, basi kwa nini ipate moto? Injini na giaboksi za Beetle zimekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Njia pekee iliyowekwa ya umeme kurudi kutoka kwenye injini hadi bodi ni mkanda mmoja wa shaba ya kusukwa, uliofungwa kwenye pua ya giaboksi kwa mbele. Mkanda huo ukifa, umeme hujitafutia njia kupitia kebo ya klachi na kebo ya pedali ya mafuta, ambazo hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Ukisikia mtu analalamika kwamba kebo zake zinakatika kila mara, muulize kuhusu ethi, yaani hiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Mkanda wa Mwalimu kwa macho ulikuwa mzima. Nilipoukunja, ukamwaga unga wa kijani mkononi mwangu. Hiyo ndiyo chumvi ya Pwani, inaingia katikati ya nyuzi na kula kutoka ndani. Nikafunga mkanda mpya, nikakwangua pale unapogusa hadi chuma ikang'aa, nikapaka grisi juu baada ya kukaza. Nikapima tena: volti 0.15. Gari likawaka kabla Mwalimu hajamaliza kugeuza ufunguo. Stata yake ya zamani niliijaribu mezani, ilikuwa nzima kabisa.

Upande chanya unapimwa vilevile: ncha moja kwenye temino chanya ya betri, nyingine kwenye boliti kubwa ya stata, yenye alama ya namba 30. Ikizidi volti 0.5 wakati wa kupiga, kebo au vichwa vyake vina kasoro. Na betri yenyewe ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga, hapo sasa ichaji, kisha uishuku.

Kuna ugonjwa wa pili wenye dalili tofauti, na wenye Beetle wa hapa wanaujua vizuri. Asubuhi gari linawaka vizuri. Unaendesha hadi foleni ya feri ya Likoni, unazima, foleni inasogea, unageuza ufunguo: tik. Unasubiri nusu saa, linawaka kama hakuna lililotokea. Watu husema stata "imechoka na joto". Si uongo wote, lakini mara nyingi mwenye kosa ni waya mwembamba unaoiamsha solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Umeme wake unatoka kwenye betri nyuma, unakwenda hadi mbele kwenye swichi ya taa, unapita kwenye swichi ya ufunguo, halafu unarudi safari yote hadi namba 50 ya stata. Miaka hamsini ya viungio vilivyolegea imo humo. Shaba nayo ikipata joto huzuia umeme zaidi: kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka, ukinzani wake hupanda kama asilimia 4. Solenoidi iliyo karibu na injini ya moto inataka nguvu zaidi, na waya unaleta kidogo zaidi.

Pima namba 50 mtu akiwa ameshika ufunguo. Ukikuta volti 7 au 8, anza na viungio na swichi ya ufunguo. Bado haitoshi? Funga relei, swichi inayoamshwa na umeme mdogo, karibu na stata: waya wa zamani uiamshe relei tu, na relei ilete umeme mnene moja kwa moja kutoka namba 30, ukiwa na fyuzi yake. Nimezifunga nyingi, na sijaona gari likirudi na ugonjwa ule. Ila siifungi kabla ya kusafisha njia, kwa sababu njia hiyohiyo ndiyo inayolisha koili na taa.

Kama volti zinafika sawasawa na stata bado inazunguka kizito, angalia bushi. Ncha ya mhimili wa stata ya Beetle hukaa ndani ya bushi ya shaba iliyopigiliwa kwenye gamba la giaboksi. Ukinunua stata mpya, bushi mbovu inabaki palepale kwenye gari, na stata mpya itakwama kama ya zamani. Kwa bei ni kitu kidogo mno, lakini wengi hawajui kama kipo.

Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, nenda kwenye moto wa plagi. Namba 15 ya koili, inayotengeneza umeme mkali wa plagi, iwe na umeme ufunguo ukiwa umewashwa. Platini, ile swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili, iachane milimita 0.4. Ikiwa nyuso za platini zimeungua vibaya na cheche zinaruka pale kwa nguvu, badilisha kondensa. Na usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimwa, koili inaweza kujipika.

Wenye Beetle za volti 6, ambazo ndizo nyingi za kabla ya 1967, huniuliza kama wahamie 12. Jibu langu ni kwamba safisha kwanza. Kwa kazi ileile volti 6 zinahitaji amperi maradufu, kwa hiyo nusu volti inayopotea njiani inakuumiza maradufu. Lakini Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walishinda mbio za magari za East African Safari ya 1962 kwa Beetle, na Beetle za miaka ile zilitoka kiwandani na volti 6. Wiki iliyopita niliwasha moja ya 1964 kwa betri yake ileile iliyokuja nayo, baada ya kukwangua sehemu nne: temino mbili, ethi ya betri kwenye bodi, na ule mkanda wa pua ya giaboksi.