Jamani msimnyoe mbwa haski kipara kisa joto

Kila ikifika Desemba simu zinaanza, dokta njoo na mashine umnyoe mbwa mwili mzima abaki kipara anakufa na joto, na kila mwaka jibu langu ni hilohilo, hatumnyoi, tunamchana.

Haski, jemani shepadi, chau chau, hawa wana manyoya ya tabaka mbili. Juu kuna yale marefu magumu yanayokinga jua, chini kuna laini kama sufi ya mto. Ukipitisha mashine umeondoa yote, jua la saa saba linapiga ngozi moja kwa moja, na kuna mbwa manyoya hayarudi vizuri tena, nimeshaona migongo ina mabaka miezi na miezi, inauma kwa kweli. Shida yenyewe ni hiyo sufi ya chini iliyokufa ikakwama ndani, hewa haipiti.

Juzi nilikuwa Mbezi Beach kwa mama mmoja, haski wake kajilaza kwenye vigae vya jikoni anahema tu. Nikapenyeza vidole nyuma ya mapaja, vikagota, ngozi sijaifikia. Tukakaa barazani na kitana cha chuma karibu masaa mawili, ikatoka sufi ya kujaza mfuko mzima, mama akabaki anamshangaa, "kumbe dokta mbwa mwenyewe mdogo hivi!" Mchane mara mbili kwa wiki, na mchane kabla ya kumwogesha, maana sufi ikilowa inagandamana.

Halafu kuna unyevu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, mate yakikauka kwenye ulimi yanaondoka na joto. Sasa Dar mwezi wa pili hewa imelowa, mate yanachelewa kukauka, ndo maana nyuzi 32 za huku zinamwelemea kuliko nyuzi hizohizo Dodoma. Na wewe umemfungia kwenye banda la bati! Mtoe mchana akae chini ya mwembe au kwenye sakafu, maji yasikauke, kutembea iwe alfajiri.

Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likimzidi, ukiona anayumba, ufizi umeiva mwekundu, anatapika, usisubiri dokta afike, mmwagie maji ya bomba mwili mzima hasa tumboni na kwapani, yafike kwenye ngozi, feni ikimpuliza, taulo bichi usimfunike ukaliacha maana linabana joto ndani, ukishampoza ndo umpakie kwenye gari umlete, hata kama ameshasimama.