Presha ya Mapafu Haipimwi Mkononi

Aliyenieleza ugonjwa ni utingo. Mgonjwa mwenyewe, dereva wa lori la Mombasa–Kampala, alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Daktari, tukilala kwenye kabini pale Malaba, mzee hukoroma mpaka vioo vinatetemeka. Halafu kimya. Nahesabu. Nikifika thelathini ndipo anashtuka kama mtu aliyeibuka majini."

Mzee alikuja kwangu kwa sababu ya miguu kuvimba. Presha yake, alisema, hupimwa kila mwezi na iko sawa.

Ilikuwa sawa mkononi. Iko presha nyingine, kwenye ateri inayotoa damu upande wa kulia wa moyo kuipeleka mapafuni, na ule mkanda wa mkononi hauioni. Wastani wake kwa mtu mwenye afya ni kama milimita 14 za zebaki tu. Ukivuka 20 tunasema imepanda. Eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) hukadiria. Kuithibitisha ni mpaka mrija upitishwe mshipani hadi moyoni.

Mishipa ya mapafu ina ukaidi wake. Mishipa ya mwili ikikosa oksijeni hutanuka, hii hujibana. Mara nyingi ni busara: kona moja ya pafu ikijaa nimonia, damu huhamia penye hewa, kama taksi zinavyokwepa jam kwa kupitia vichochoro. Ila koo likiziba usingizini, mapafu yote hukosa hewa kwa mpigo. Vichochoro navyo vimefungwa, na moyo wa kulia unaendelea kusukuma, mpaka unachoka na miguu inavimba. Kwa mwenye ugonjwa mkali wa kukatika pumzi usingizini, hali hii hujirudia mara 30 au zaidi kila saa, usiku kucha, miaka nenda rudi.

Mashine ya kuutibu, CPAP, aliibuni Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney, wakaitangaza mwaka 1981. Wengi hudhani inakupumulia. Hapana, unapumua mwenyewe. Yenyewe hupuliza hewa bila kukatiza kupitia barakoa, koo likabaki wazi. Oksijeni isiposhuka, mishipa haina sababu ya kujibana.

Sasa inashusha kiasi gani? Hapa wenzangu wengine hutia chumvi. Katika utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2006, watu 23 walitumia mashine ya kweli wiki 12 na ya bandia wiki 12. Kwa ile ya kweli, presha ya kilele ya mapafu (ile ya moyo unaposukuma, si wastani) ilitoka karibu 29 ikafika 24. Waliofaidi zaidi ni wale ambao yao ilikuwa juu tangu mwanzo. Pointi tano, basi. Mimi nazichukua kwa mikono miwili, lakini siuzii mtu muujiza.

Tena hapa Uganda sikimbilii barakoa kabla ya eko. Mvuvi wa Ziwa Albert aliyeishi na kichocho miaka mingi anaweza kuwa na presha ya mapafu, na akakoroma vilevile. Kadhalika dada ambaye vali zake za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Mashine itawapa usingizi. Kichocho na vali vitabaki palepale.

Mzee nilimpa mashine, akarudi baada ya miezi mitatu, miguu imepungua (vidonge vya kukojoza navyo vina mchango wao). Nikafungua kumbukumbu za mashine: nyumbani muda wa saa sita kila usiku, safarini sifuri. Kwenye lori hakuna pa kuchomeka.

Akanunua inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri ya lori uwe kama wa nyumbani. Usiku wa kwanza wakalala Tororo, barakoa usoni, kabini kimya. Asubuhi utingo akanipigia simu akilalamika kwamba hakupata usingizi. Alikuwa akingoja kuhesabu.