Flashi isiyo na virusi nayo yaweza kugandisha kompyuta

Kwenye steshenari za karibu na stendi ya Moshi, flashi za wateja huchomekwa kutwa nzima. Mtu akisita, anaambiwa: "Nimeshaiskani, haina virusi. Halafu hii ni Linux, na hata intaneti hatujawasha."

Sababu zote tatu hazigusi kiini cha jambo. Flashi huja na ramani yake ya mafaili, na mfumo wa kompyuta huisoma ramani hiyo mara tu unapoifungua, kabla hata antivirusi haijagusa faili moja. Katika ext2, mmoja wa mipangilio ya mafaili ya mfumo endeshi wa Linux, kila jina ndani ya folda huandikwa pamoja na urefu wa nafasi linayochukua, ili mfumo ujue jina linalofuata linaanzia wapi. Sasa weka urefu sifuri. Ni kama kuuliza duka la pili liko hatua ngapi, ukajibiwa "sifuri": utauliza hapohapo mpaka jua lizame. Msimbo usiokagua namba hiyo hunasa au huanguka, na kwa kuwa uko ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huwezi kuufunga kama unavyofunga Word.

Mwaka 2006 kasoro ya jamii hii iliripotiwa kwenye ext2: urefu mdogo kuliko kiwango cha chini uliangusha mfumo mzima. Hakuna kinachoibwa hapo. Unanyimwa huduma tu, foleni ya fotokopi ikisubiri.

Tiba ni kusasisha kerneli na kuzima ufunguaji wa flashi wa moja kwa moja. Kuskani endelea, ila hiyo ni kazi nyingine.