Wasema Jaketi Huokoa, Mbona Hulivai?

Muulize abiria yeyote kwenye jeti ya Mokowe, gati la boti za kuvukia kwenda Lamu, kama jaketi la kuokolea maisha lina faida. Atakwambia linayo, wala hakudanganyi. Mfuate botini: jaketi amelikalia.

Tusikimbilie kumwita mnafiki. Swali letu lilikuwa pana, tendo lake ni finyu. Alijibu kuhusu jaketi kwa jumla. Sasa anaamua kuhusu hili alilopewa, lenye unyevu na jasho la wengine, kwa safari fupi ya kuvuka Lamu, katikati ya watu ambao hawajavaa.

Watafiti Davidson na Jaccard walilipima jambo hili Marekani, katika utafiti uliochapishwa 1979. Waliwauliza wanawake mtazamo wao, kisha baada ya miaka 2 wakaangalia nani alimeza vidonge vya kupanga uzazi. Mtazamo juu ya kupanga uzazi kwa jumla ulikuwa na uwiano wa 0.08 tu na tendo lenyewe. Mtazamo juu ya kutumia vidonge katika miaka 2 ijayo ulifika 0.57, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Wanawake ni walewale. Lililobadilika ni swali.

Basi swali litaje tendo, kitu, mahali na wakati: "Kesho asubuhi ukivuka kwenda Lamu, utavaa jaketi na kufunga vifungo kabla boti haijaondoka?" Umuulize pia wenzake watamwonaje, na kama jaketi lipo karibu. Hili la mwisho ndilo hupuuzwa. Mtu ana nia, lakini majaketi yamerundikwa omoni na vifungo vimekatika. Huyo hahitaji mawaidha.

Nahodha avae kwanza. Kila abiria akabidhiwe jaketi mkononi angali jetini, kwani akishaketi na mzigo mapajani hainuki tena. Mwenye buibui alivae juu ya buibui. Mtoto apewe la kimo chake. Likishafungwa, livutwe juu mabegani: likipanda hadi masikioni, limelegea, likazwe. Lisikaliwe, maana sponji ikibanwa hupungua nguvu ya kuelea. Lisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, lianikwe kivulini.

Kisha hesabu waliofunga, si waliobeba, na usitangaze kwamba unahesabu. Hesabu ya kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, na ya maleleji, upepo unapotulia, ziandikwe mbalimbali, kwani bahari ikilala ndipo majaketi hubaki omoni.